Kwa Binti Anayekwenda Kumfanyia Kazi Mpinzani Wangu

Nakundwa mwanangu,

Habari za koti, soksi nzito na namba ya daktari ameshakupa mama yako, tena kakuandikia karatasi nzima, mbele na nyuma. Mimi sina la kuongeza hapo. Ukishikwa na mafua huko Ottawa utakuwa umeshikwa kwa ukaidi wako mwenyewe, na ukaidi huo najua ulikoutoa.

Naandika nikiwa ofisini kwangu, yaani kile kichumba cha ghorofa ya chini karibu na boila inayolipasha jengo joto. Ni Jumamosi, saa tisa alasiri. Lifti ya upande wa mashariki imegoma tena, na fundi ananiambia yuko njiani tangu saa nne asubuhi. Nyumbani, hatua ishirini kutoka hapa, wewe unafunga masanduku na mama yako anayafungua kuhakikisha. Amenifukuza. Kasema, "Baba Nakundwa, nenda ukaandike. Huo mdomo wako breki zake mbovu, kalamu angalau utaisimamisha." Nimetii. Si tabia yangu, kwa hiyo liweke hilo kwenye kumbukumbu.

Kesho asubuhi nakupeleka kwa gari mpaka Ottawa, ukaanze kazi katika ofisi ya mbunge wa jimbo letu. Mbunge yule yule ambaye mimi nilipita mlango kwa mlango, jengo kwa jengo, kuwaambia watu wa Scarborough wasimpe kura. Alishinda. Sasa kamchukua na binti yangu. Nikilisema leo linachekesha kidogo, lakini wiki tatu zilizopita, uliponiambia mezani, halikunichekesha hata chembe. Nikasema neno. Nitalifikia.

Tangu siku ile hujanibishia. "Ndiyo, Baba." "Hapana, Baba." "Asante, Baba." Shikamoo kila asubuhi kwa Kiswahili safi, wewe ambaye miaka yote nikikuuliza kwa Kiswahili unanijibu kwa Kiingereza huku mdomo umejaa mkate. Mgeni akitusikia atanipongeza kwa malezi. Mimi adabu hiyo inanitisha. Nitakueleza kwa nini, ila nina maelezo ya awali, maana mimi ni Mpare, na Mpare haingii kwenye kesi bila maelezo ya awali.

La kwanza ni kwamba siombi radhi kwa siasa zangu. Usiitafute humu, hutaiona. Mimi ni mtu mweusi, ni mhamiaji, ni msimamizi wa jengo lenye mende, na ni mhafidhina. Watu wakisikia hayo manne kwa mpigo hunitazama miguuni kuona kama nimevaa viatu visivyofanana. Unamkumbuka yule msichana wa kampeni aliyegonga mlango wetu ukiwa na miaka kumi na mitano? Kibao cha karatasi mkononi, tabasamu mpaka masikioni. Akaanza kunieleza kwamba chama chake ndicho chama cha watu kama mimi. Nikamwuliza, "Watu kama mimi ni akina nani? Walimu wa hesabu?" Akawa mwekundu. Nikamwambia mimi sikuzaliwa na kadi ya chama mkononi, nikamkaribisha chai. Hakunywa. Wewe ulikuwa nyuma ya mlango umejifunika uso kwa aibu.

Lakini hujawahi kuniuliza ilianzaje. Ilianza kwako. Ulikuwa na miaka kumi na mitatu, unakaribia kuingia sekondari, na shule ikaniita. Mshauri wa wanafunzi alikuwa mama mpole kweli, alinivutia kiti mwenyewe. Akaniambia Nakundwa ni mtoto mzuri, mchangamfu, anapendwa na wenzake, ila hesabu za mkondo wa juu zitamlemea, na kwa familia iliyotoka mbali hakuna haja ya kujibebesha mzigo. Upo mkondo mwepesi. Hakufungua daftari lako. Macho yake yalikuwa kwenye jaketi langu la kazi na rundo la funguo kiunoni.

Mwanangu, nilifundisha hesabu sekondari miaka tisa kule Same. Nilipofika hapa cheti changu hakikufaa hata kufunikia chungu. Nilipakia maboksi ghalani Downsview, mabasi mawili kwenda na mawili kurudi, nikanyamaza. Ya kwangu niliyameza. Lakini yule mama alipokupunguzia wewe, kwa sauti ya upole, huku ananisogezea na sanduku la tishu kana kwamba nitalia, hayo sikuyameza. Nilimwambia binti yangu atakwenda mkondo wa juu, na kama kuna fomu ya kukataa huruma naomba niijaze sasa hivi.

Siku ile nilijifunza kwamba ipo huruma ya kukukalisha chini. Ofisi nyingi za nchi hii zimejaa huruma hiyo, na naamini, leo kama jana, kwamba upande wenu ndio ulioizalisha. Mimi nataka watu wanidai kazi nzuri, wanilipe, waniache nilee watoto wangu. Ndiyo siasa yangu yote, mengine ni matawi.

Najua, kisa hicho hicho umekitumia wewe kwenye maombi yako ya kazi. Ulimsomea mama yako, nikasikia nikiwa koridoni. Kwako ni ushahidi kwamba yule mama alikuwa na ubaguzi na kwamba serikali lazima isimamie watu kama yeye. Kisa kimoja, mashahidi wawili, hukumu mbili. Hakimu yeyote wa Same angetutoa nje sote wawili tukapatane kwanza. Nikiri tu kwamba ulikisimulia vizuri kuliko mimi.

Nikiri na hili. Nilipokukatalia mkondo mwepesi nilikuwa sahihi, lakini niliyoyafanya baadaye pale mezani hayakuwa sahihi yote. Kila jioni hesabu, kabla ya chakula. Ulipolia juu ya daftari nilikuambia machozi hayafuti swali. Ulipoleta tisini na moja niliuliza zile tisa zimekwenda wapi. Nilidhani namwonyesha yule mama. Mama mwenyewe hakuwepo pale mezani, ulikuwepo wewe, umechoka, una njaa. Ningeweza kukudai kazi nzuri na bado nikakupa chakula kwanza.

Halafu kuna siku ya polisi, ambayo mimi na wewe tumeizunguka miaka mitano.

Unajua nilivyohangaika kuwaleta. Kijana wa ghorofa ya sita alipopigwa risasi kwenye maegesho, mimi ndiye niliyezungusha karatasi wapangaji wasaini, mimi ndiye niliyekwenda kwa diwani mara tatu. Nilitaka polisi wapite, na walipita. Wewe ulikuwa na miaka kumi na saba na ukaniambia nitajuta. Januari ile nikiwa nasafisha theluji mlangoni pa jengo langu, funguo zote kiunoni, wawili walinisimamisha. Walitaka kitambulisho. Walitaka kujua nafanya nini pale. Nilisimamishwa ukutani nusu saa na ushee huku wapangaji wangu wanapita na mifuko ya vyakula, wengine wananisalimia, wengine wanatazama chini. Wewe uliona kutoka dirishani ukashuka bila koti, unapiga kelele, nami nikakufokea urudi ndani.

Jioni uliniuliza, "Na bado unawatetea?" Nikakujibu walikuwa wanafanya kazi yao.

Lilikuwa jibu la uongo. Waliponiachia nilikwenda kufungua mlango huu wa boila na nikajaribu funguo nne kabla ya kupata wenyewe, mlango ninaoufungua kila siku. Nilikufokea kwa sababu niliwaona wote wawili wamegeuka kukutazama, na sijawahi kuogopa vile maishani. Nilipaswa kukuambia hivyo. Badala yake nilitetea msimamo, kwa sababu niliogopa nikikubali moja utachukua yote. Hapo nilikuwa mwoga. Sasa nakuambia ukweli na bado sikuachii ushindi: nataka polisi waje wakiitwa, na nataka wanijue mimi ni nani kabla hawajanigusa. Vyote viwili. Yule kijana wa ghorofa ya sita hatembei mpaka leo, na mama yake ananiuliza mimi, hakuulizi wewe, kama mlango wa maegesho umefungwa.

Na upande wangu usidhani ni malaika. Kuna jambo sijamwambia hata mama yako. Mkutano wa kwanza wa kampeni walinikalisha mstari wa mbele, wakanipiga picha kama bwana harusi. Kamera zilipoondoka, mzee mmoja akatoa mzaha juu ya majengo ya Scarborough, kwamba ukiingia lifti zao usivute pumzi mpaka ufike juu. Ukumbi mzima ukacheka. Mimi nikacheka. Mimi ninayedeki hizo lifti kwa mikono yangu, Nakundwa, nilicheka, tena kwa sauti, ili wasione kwamba mzaha ule umenichoma.

Nilirudi mkutano uliofuata. Wewe ungeondoka, najua, lakini mimi sikuona kwa nini nimwachie yule mzee ukumbi. Nilisimama nikawaambia mimi ndiye msimamizi wa jengo kama yale, na saa kumi na moja alfajiri lifti zangu zinajaa watu wanaokwenda kazini wakati wao wamelala. "Mkitaka kura zao," nikasema, "anzeni kwa kuwasalimia." Wengine walipiga makofi, yule mzee hakupiga. Tangu siku hiyo mstari wa mbele sijawekwa tena, na nakaa ninapotaka. Lakini kile kicheko cha kwanza hakifutiki. Bado nakisikia.

Sasa nakuja kwa Baba Mushi, na hapo ndipo penye kesi yenyewe.

Wewe umemjua kama mjomba anayekuja Krismasi na kelele. Mimi nilikutana naye Downsview, ghala lile lile, mwaka ule ule. Yeye Mchaga wa Moshi, mimi Mpare wa Same, majirani wa nyumbani na watani wa kuzaliwa. Tulikaa chumba kimoja miaka miwili na sidhani ilipita siku bila kutukanana. Alikuwa akiniambia Mpare atauza ng'ombe ashinde kesi ya kuku. Mimi nikimwambia Mchaga akifa, dondosha sarafu karibu na sikio, asipoamka ndipo uite mchungaji. Na msibani, mwanangu, mtani ndiye mtu wa kazi. Watu wanalia, yeye anaingia anamwiga marehemu, anadai chakula, anatukana wafiwa mpaka wanacheka bila kutaka. Tangu tuje nchi hii, Wachaga wa Toronto wakifiwa, mimi ndiye nilikuwa naitwa mtani. Nilikuwa hodari.

Ukaja uchaguzi. Kwenye lile kundi letu la simu Baba Mushi akaandika, mbele ya watu wote, kwamba mimi ni kibaraka wa wazungu. Haikuwa utani, mtani wako unamjua anapotania. Nikamjibu kwamba yeye anaipenda serikali kama mtoto asiyetaka kuachishwa ziwa. Haikuwa utani pia. Nikatoka kwenye kundi. Wiki mbili baadaye mama yake akafariki kule Moshi, naye karatasi zake hazimruhusu kusafiri. Akaweka msiba hapa hapa kwake, siku tatu. Mama yako alikwenda kupika, wewe ulikwenda kuimba. Mimi nikawaambia boila imeharibika.

Boila ilikuwa nzima. Nilikaa kwenye kiti hiki siku tatu naitazama ikinguruma vizuri kabisa. Nilijiambia aliyenitukana ndiye anipigie. Kwetu hakuna anayealikwa msibani, mtu anasikia anakwenda, hilo mimi nalijua kuliko wewe, na bado nilisubiri mwaliko. Mama yako aliniambia kwamba kila mlango ulipofunguliwa Baba Mushi aligeuza kichwa. Msiba ukaanza ukaisha, hakuna aliyemtukana.

Nilikwenda baada ya siku arobaini. Alifungua mwenyewe. "Karibu, Bwana Mbwambo," akasema. Bwana Mbwambo! Akanipa chai, akanishukuru kwa kufika, akaniombea baraka. Nikajaribu, nikamwambia chai ya Mchaga hii, nadhani majani yamehesabiwa. Akatabasamu lile tabasamu la kumpa karani wa benki. Sasa ni mwaka wa pili. Tukikutana kanisani ananishika mkono, ananiuliza hali, ananiheshimu. Hajanitukana tena. Nimemwomba msamaha mara mbili na mara zote mbili amesema yamekwisha, na sauti yake ni ya mtu aliyefunga duka. Nimempoteza rafiki yangu, Nakundwa. Si siasa zilizompoteza, maana tungegombana mpaka kufa na tukazikana. Ni zile siku tatu nilizokaa hapa.

Basi elewa ninavyosikia ukiniambia "Asante, Baba" kwa sauti hiyo.

Lile neno. Ulisema umepata kazi kwa mbunge, mama yako akapiga vigelegele, nami nikasema, "Nenda. Lakini huko usiseme wewe ni mtoto wangu." Nilisema kwa Kiswahili cha polepole ili lisikupite. Mama yako akaacha kula. Wewe ukasema "Ndiyo, Baba," ukachukua sahani yako.

Baba yangu mimi hakuwahi kuniomba radhi. Akinionea, kesho yake alirudi na muwa, akauacha mlangoni, nami nilitakiwa kuelewa. Niliuelewa na niliutafuna, lakini neno lenyewe nililingojea mpaka tukamzika. Wewe sikuachii ungoje. Nilikosea. Neno lile nimelifuta, halikuwa siasa, lilikuwa wivu na hofu ya mzee anayeona nyumba inapungua. Nisamehe, mwanangu.

Kura siibadilishi. Uchaguzi ujao nitapita tena kwenye milango ile ile, na mbunge wako akikuuliza ni nani huyo mzee anayemsumbua Scarborough, mwambie ni baba yako.

Ushauri ninao mmoja tu, na nimeulipia. Huko nako watakuweka mstari wa mbele siku ya picha. Kaa, pendeza. Kamera zikiondoka, angalia kama bado una kiti. Na itafika siku, kwenye chai au kwenye gari la ofisi, mtu mwenye akili na suti nzuri atatoa mzaha juu ya watu weusi wanaowapigia kura wahafidhina, kwamba hawajui walitendalo, maskini. Wote watacheka. Sikutumi unitetee, kazi ni yako na kodi ya nyumba Ottawa si mchezo. Usicheke tu. Mimi nilicheka, najua kicheko hicho kinavyokaa na mtu.

Fundi amefika, anagonga. Namalizia.

Kesho ni mwendo wa saa nne na nusu na siwezi kuuendesha na mgeni mwenye adabu. Ukiingia garini anza na lolote: kodi, polisi, yule mama wa shule, zile tisa zilizokosekana. Niambie nilipokosea, kwa Kiingereza chako cha haraka haraka, nikatize nikiongea, piga hata dashibodi. Nitakujibu na sauti sitapunguza. Lakini tukifika Kingston, katikati ya safari, bado unaniambia "Ndiyo, Baba," haki ya Mungu nageuza gari, na mbunge wako atafute mtu mwingine.

Ni mimi baba yako, na huko ofisini pia ni baba yako,

Eliamini Mbwambo